Nani Huhesabiwa Katika Ukoo wa Tiranosauri?

Wanafunzi wanaozuru makumbusho hapa Lamu huuliza iwapo kila dinosaria mkubwa mla nyama, mwenye mikono mifupi, ni jamaa wa Tyrannosaurus rex. Sivyo. Majungasaurus, ambaye mabaki yake yamepatikana Madagaska, ng'ambo ya bahari yetu, alikuwa na mikono mifupi mno, lakini ni wa tawi jingine la mbali kabisa.

Henry Fairfield Osborn, mtaalamu wa dinosaria wa Marekani, alimpa T. rex jina lake mwaka 1905, na mwaka uliofuata akaanzisha familia ya Tyrannosauridae. Zama hizo makundi yalipangwa kwa sifa za mifupa. Siku hizi hupangwa kwa nasaba, kama wazee wa Lamu wasivyomtia mtu katika ukoo kwa kufanana sura, bali hutazama nasaba yake inakutana na ya wenzake kwa babu yupi.

Kundi pana zaidi, Tyrannosauroidea, huelezwa kwa kulinganisha udugu: huingia kila mnyama aliye karibu zaidi na T. rex kuliko alivyo na Ornithomimus, Troodon au Velociraptor, dinosaria wa matawi mengine. Ndiyo maana Guanlong wa China, aliyetangazwa mwaka 2006 na aliyeishi yapata miaka milioni 160 iliyopita, yumo ndani, ingawa alikuwa mdogo, ana vidole vitatu mkononi na upanga wa mfupa kichwani kama wa jogoo, na mtu asiyejua asingemdhania kabisa.

Tyrannosauridae yenyewe ni finyu zaidi, kwa kuwa huanzia kwa mhenga wa mwisho waliyechangia T. rex, Albertosaurus na Gorgosaurus, ikawajumuisha wazao wake wote. Ndani yake mna matawi mawili: Albertosaurinae, na Tyrannosaurinae alimo Tarbosaurus wa Mongolia.

Je, sifa za mifupa zimetupwa? La hasha. Meno ya mbele ya taya la juu ambayo yakikatwa huonyesha umbo la herufi D, mifupa ya pua iliyoungana, na vidole viwili mkononi bado humsaidia mtaalamu kukitambua kisukuku. Ila sifa hizo ni ushahidi wa nasaba, si sharti la kuingia. Mzao aliyepoteza mojawapo hafukuzwi katika ukoo.

Faida ya utaratibu huu, kwa maoni yangu, huonekana zaidi palipo na ubishi. Wanyama wa Megaraptora, wenye makucha makubwa ya mikono na ambao wengi wao wamepatikana Amerika ya Kusini na Australia, wamewahi kuwekwa na baadhi ya watafiti ndani ya Tyrannosauroidea, huku wengine wakiwaweka nje. Maana ya Tyrannosauroidea haibadiliki kwa ubishi huo: kinachobishaniwa ni mahali tawi la Megaraptora lilipochipukia, na hapo pakishajulikana, kundi zima litaingia au litabaki nje bila neno moja la ufafanuzi kuandikwa upya.