Je, wajua kwa nini kioo chenye chuma ndani hupasuka kikiwa kimeshapoa?

Hili swali nililijibu vibaya kabisa, na jibu langu lilimwangukia mtoto asiye na kosa, ndiyo maana nataka kulieleza taratibu.

Rafiki yangu mmoja hapa Malindi ni fundi, anatengeneza sanamu za kioo akichanganya na mbao za jahazi bovu, waya na ushanga, na kazi zake karibu zote ni kuhusu tamaa ya binadamu. Kiswahili kina maneno tele ya jambo hilo, hamu, uchu, shauku, ashiki, ngoa, na kila moja lina ladha yake, lakini kioo kina namna yake ya kulisema ambayo mbao haiwezi: kitu unakiona chote na mkono haufiki. Nimeona watu wazima na ndevu zao wakiingia pale wananyoosha kidole bila kujijua. Basi na mimi nikataka yangu. Nikachukua ufunguo wa kasha la marehemu bibi, ufunguo wa chuma, tukaulaza katikati ya vipande vinene vya kioo cha dirisha, tukaingiza kwenye tanuri la umeme hadi vikashikana vikawa kitu kimoja.

Kikatoka kizima, kizuri, nikakiweka dirishani. Usiku wa tatu nikasikia tak! Asubuhi kuna ufa umetoka kwenye ncha ya ufunguo mpaka ukingoni. Nikamgombeza mpwa wangu wa miaka tisa, akalia akisema hajakigusa, sikumwamini.

Maana mimi kichwani nilikuwa na hesabu moja tu: kioo hupasuliwa na moto au na kipigo. Kama moto umeisha na kioo kimepoa, basi kimebaki kipigo. Na hata fundi aliponiambia ni ule ufunguo, nikadhani anamaanisha chuma kilipanuka kwa joto kikakisukuma kioo kwa ndani, kama mbegu inavyopasua ganda. Hapo pia nilikosea, tena nikaendelea kuwaeleza wengine hivyohivyo. Kwenye tanuri hakuna ugomvi wowote, kwa sababu kioo kikiwa na moto wa kutosha ni laini kama halua, chuma kikitaka nafasi kinapewa. Ugomvi unaanza wakati wa kupoa.

Karibu kila kitu kikipoa kinanywea, ila si kwa kiasi kimoja. Chukua urefu wa sentimita 10, upooze kutoka nyuzi 500 za Selsiasi hadi joto la kawaida la hapa kwetu: kioo cha dirisha kitapungua takribani milimita 0.4, chuma takribani 0.6. Tofauti ya milimita 0.2 inaonekana si kitu, ni kama nusu ya unene wa kucha. Lakini kioo kikishuka chini ya nyuzi 500 hivi kinakuwa kimeshakaza, hakilegei tena, kwa hiyo hiyo 0.2 haina pa kwenda.

Fikiria kanzu. Fundi cherehani ameshona pamba mpya ambayo haijawahi kufuliwa, akaitia bitana ya nailoni. Siku haijaguswa na maji imenyooka safi. Ukiifua, pamba inanywea, nailoni inabaki vilevile, na mshono uliowafunga pamoja sasa unavutwa huku na huku, nguo inajikunja. Hakuna aliyeivuta ile kanzu, inajivuta yenyewe. Kioo chenye chuma ndani ndivyo kilivyo, ila kanzu inaweza kujikunja na kioo hakiwezi. Kioo ni hodari wa kubanwa, kuvutwa ndiko kunakomshinda.

Sasa hapa ndipo pananifurahisha. Shaba nyekundu, ile ya ndani ya nyaya za umeme, inanywea zaidi kuliko chuma, kama milimita 0.8 kwa hesabu ileile. Ungetarajia ipasue kioo haraka zaidi. Kumbe waya mwembamba wa shaba, au shaba iliyofuliwa nyembamba kama karatasi, unakaa ndani ya kioo miaka, kwa sababu shaba ni laini, ikivutwa inakubali kunyooka, kama mshono wa uzi wa mpira. Ukiweka nondo nene ya shaba hiyo bahati haipo. Na platinamu inanywea karibu sawa kabisa na kioo cha kawaida, ndiyo maana balbu za mwanzo za Edison zilipitisha umeme kwenye kioo kwa waya wa platinamu, ghali ilivyo.

Na mbona siku tatu? Ufa huanza mdogo usioonekana, halafu unatembea polepole, na unyevu wa hewani unausaidia kwa kudhoofisha kioo pale kwenye ncha yake. Hapa pwani unyevu tunao wa kutosha, lakini usije ukaulaumu peke yake, kioo kisicho na mvutano ndani hakipasuliwi na unyevu. Tena si lazima kuwe na chuma: kioo kilichopozwa haraka, au cha chupa kilichoyeyushwa pamoja na cha dirisha, kinaweza kujivuta chenyewe vilevile.

Mafundi wengi wa sanamu za namna hii hawapiki vyote pamoja. Wanapika kioo peke yake, wanakipumzisha tanurini kama nyuzi 540 kisha wanakishusha polepole, na chuma kinaingia baadaye kikiwa baridi, kikishikwa na gundi ya silikoni inayonyumbuka. Fundi wa jahazi ataelewa haraka, ni kalafati ile, pamba ya katikati ya mbao inayoziacha zicheze. Na wazee wa pale Mambrui, kijiji jirani na Malindi, walikandika bakuli za Kichina kwenye mnara wa kaburi kwa chokaa, ambayo inakaza bila tanuri, kwa hiyo bakuli hazikuwahi kupikwa pamoja na ukuta.

Ukitaka kuona mvutano kwa macho, fungua laptopu ionyeshe ukurasa mweupe, shika kioo mbele yake, utazame kupitia miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao, na uizungushe hiyo miwani hadi skrini iwe nyeusi. Kioo kilichotulia kinabaki cheusi, chenye mvutano kinawaka pale panapovutwa. Haitakuambia kitapasuka lini. Nilijaribu na kile kipande changu kilichobaki, kando ya ufunguo kulikuwa na mwanga mweupe kama mwezi mwandamo, nikamwita mpwa wangu aje aone, nikamwomba radhi.