Hakuna lugha inayoitwa Kiaborijini

Juzi tena kwenye grupu moja mtu kaposti listi ya majina ya watoto, "majina ya Kiaborijini na maana zake", watu wanashea tu na kupiga makofi, na mimi hii kitu nimeiona mara nyingi mno sasa nimeshindwa kunyamaza.

Jina la Kiaborijini ni jina la mtu, mahali au kitu lililotoka kwenye lugha mojawapo ya wenyeji asilia wa Australia. Basi, maana ndo hiyo. Tatizo ni hilo neno "mojawapo", watu wanaliruka. Waingereza walivyofika kuweka makazi 1788 kulikuwa na lugha zaidi ya 250 kule, na sio lahaja, lugha kabisa, mtu wa upande wa Sydney haelewani na wa upande wa Perth kama Mzaramo asivyomwelewa Mhaya akiongea kikwao. Mbona sisi tukikuta wazungu wameandika Simba ni jina la "Kiafrika" tunalalamika?

Angalia kangaruu. Ile stori kwamba maana yake ni "sijui", eti mzungu aliuliza mnyama gani huyu akajibiwa sijui, ni uongo. Mwaka 1770 meli ya Cook, nahodha Mwingereza, iligonga mwamba, ikatengenezwa mtoni pale ambapo leo ni Cooktown, na wenyeji wa hapo, wanaoongea Guugu Yimithirr, wakawatajia gangurru, ambalo ni jina la aina moja ya kangaruu wakubwa, sio kangaruu wote. 1820 akaja nahodha mwingine, King, akauliza palepale akapewa neno tofauti kabisa, minha, watu wakaona basi Cook alidanganywa. Kumbe minha ni mnyama yeyote anayeliwa, yaani ni kama umuulize mwindaji wa kwetu pale ni nini, mmoja akujibu "swala" na mwingine "nyama", wote wamesema kweli! Ilibidi ifike miaka ya 1970 mtaalamu wa lugha, Haviland, akae na wenyewe ndo neno la Cook likathibitishwa. Na wale Waingereza wa 1788 walipolipeleka neno hilohilo Sydney wenyeji wa huko hawakulijua, wakadhani ni Kiingereza, wakawa wanauliza kama hata ng'ombe nao ni kangaruu.

Tena sio kila jina lina maana ya kutafsiri. Uluru, ule mwamba mwekundu, kwa Kipitjantjatjara, lugha ya wenyeji wa hapo, ni jina la mahali tu, ila kwenye listi halikosi maana tamu tamu.

Na Nakamarra, nalo lilikuwa kwenye listi ile, hili ndo linaniuma zaidi. Kwa Wawarlpiri, wenyeji wa katikati ya Australia, hilo sio jina la kuchagua, watu wamegawanyika mafungu manane ya undugu, wanawake majina yao yanaanza na N na wanaume J, kaka yake Nakamarra ni Jakamarra, unazaliwa nalo kufuatana na wazazi wako, na ndo linaonyesha nani umwite mama na nani unaweza kuoana naye.

Kwa hiyo dada yangu uliyeposti, listi usiifute, ila kila ulipoandika Kiaborijini weka lugha yenyewe, ambalo hujui lugha yake litoe, na Nakamarra usimpe mtoto, lina wenyewe.