Kuchora msitu wa Amani kwa wino: anza na weupe

Ukiingia msitu wa Amani kwa njia ya Zigi, wilayani Muheza, macho hayapati pa kutulia. Shina limevaa kuvumwani, juu ya kuvumwani pameota makangaga, na mtambaazi umepita juu ya vyote. Wengi ninaowafundisha huanza kufuata majani, moja baada ya jingine, na kufikia saa sita mchana karatasi imekuwa nyeusi tupu. Msitu umezama ndani ya wino.

Huwa nawaambia waweke kalamu chini, watafute kwanza weupe. Wino mweusi wa kuchorea ni chembe za masizi zilizoshikwa na gundi, mara nyingi shelaki. Ukishakauka haufutiki na hautoki kwa maji. (Kwa sababu hiyohiyo usiutie kwenye kalamu ya kujaza wino, utaiziba. Tumia kalamu ya kuchovya.) Weupe wote wa mchoro ni wa karatasi, na ukiufunika umekwenda. Basi kabla ya kuchovya, simama ujiulize mwanga unaingilia wapi, kisha pazungushie penseli kidogo sana ili pasiguswe.

Mwalimu mzuri wa jambo hili ni mbega. Ana manyoya meusi, na mengine marefu meupe yanayoning'inia mabegani na kuzunguka uso. Akikaa tawini, usichore manyoya meupe hata unywele mmoja. Chora giza la majani nyuma yake, chora mwili mweusi, uache pengo la karatasi katikati. Ukingo wa pengo uwe wa mistari mifupi inayoelekea chini, mingine mirefu, mingine ikomee njiani. Ukiuzungushia mstari mmoja mzima, mbega atageuka picha iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Majani nayo yana siri yake. Mengi ya msituni ni magumu, yanang'aa, na yana ncha ndefu inayochuruzisha maji. Mvua ikikatika, jani lililolowa huakisi anga na kuonekana karibu jeupe, ingawa tunajua ni la kijani kibichi. Hapo ninachochora ni kivuli kilicho chini ya jani, pamoja na ile ncha. Majani matano yakichorwa hivyo mbele ya mchoro, jicho la mtazamaji litajaza mamia yaliyobaki.

Umbali unaletwa na ukungu. Milima ya Usambara Mashariki hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi, na asubuhi nyingi miti ya ng'ambo ya bonde hubaki vivuli tu. Ninabeba vichupa vitatu: wino mtupu, wino uliozimuliwa nusu kwa nusu, na maji yenye matone machache ya wino. Naanza na kile chepesi kwa brashi, miti ya mbali kabisa, na nasubiri ikauke. Kusubiri huko ni kazi kweli, maana unyevu huingia hata kwenye karatasi. Ukiharakisha, mstari wa pili utatapakaa. Karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, huvumilia zaidi. Wino mtupu nauweka mwisho, kwenye mizizi mikubwa iliyo karibu nami na ndani ya mashimo ya mashina, basi.

Tahadhari moja kuhusu mwanga. Penye uwazi mkubwa mara nyingi utakuta mhesi, mti ulioletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, unaoota haraka pale miti ya asili ilipoanguka au kukatwa. Matawi yake yametandaa, anga linapenya kwa urahisi, na kwa wino unachoreka vizuri kuliko mti mwingine wowote hapo. Mimi huuchora, lakini huweka pia kisiki kilicho chini yake, kwa wino mtupu.