Muhuri wetu hauthibitishi ukoo: kabla hujaja kutafuta jina la babu kwenye nyaraka

Kila mwaka, sikukuu za Desemba zikipita, watu wanaokuja kutafuta habari za ukoo kwenye nyaraka huongezeka. Sababu inaeleweka. Watu wamekwenda kwao, wamekaa pamoja, kikao cha ukoo kimeunda kamati ya historia, na kijana mmoja mwenye simu nzuri amepewa nauli na kutumwa mjini "akaichukue historia yetu kule inakotunzwa". Anafika Jumatatu asubuhi, tiketi ya basi la kurudi ni ya Jumatano. Jumanne mchana amekwishatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba wahifadhi wanamzungusha.

Mimi ni mmoja wa wahifadhi hao, na hatumzungushi. Nia yake ni njema na kazi aliyopewa ni ya maana. Naandika haya ili atakayetumwa baada yake aje amejiandaa.

Nianze na lalamiko linaloongoza: kwamba tunakataa kugonga muhuri kwenye chati ya ukoo. Ni kweli tunakataa, na tutaendelea kukataa. Ukiomba nakala ya ukurasa wa jalada, tunachukua nakala, tunailinganisha na ukurasa wenyewe, kisha tunaithibitisha kuwa ni nakala halisi. Muhuri huo unasema jambo moja tu: karatasi hii inafanana na ile iliyomo kwenye jalada. Hausemi kwamba aliyeandika jalada mwaka 1934 aliandika kweli, wala hausemi kwamba wewe ni mjukuu wa huyo aliyetajwa. Chati uliyochora nyumbani hatuna cha kuilinganisha nayo.

Hili si ukaidi wa kiofisi. Chukueni vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza, ambavyo wengi huvifuata kwa sababu vina orodha za watemi na machifu. Sehemu kubwa ya habari hizo ilikusanywa katika miaka ya 1920, wakati wa Gavana Donald Cameron, serikali ilipokuwa inatafuta watawala wa jadi wa kufanya nao kazi chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926. Bwana shauri, yaani afisa wa wilaya wa Kiingereza, alimwita mzee, akamuuliza nani alitawala kabla ya nani. Mzee alijua fika kwamba jibu lake litaamua nani atapewa kiti na mshahara. Basi kuna nyumba zilizorefushwa hapo na kuna nyumba zilizokatwa kabisa. Nyaraka ni ushahidi wa kile kilichosemwa siku hiyo na mtu huyo. Kumwamini au kutomwamini ni kazi yako mtafiti, na utaifanya vizuri kama umeandika ni nani alisema, lini, na mbele ya nani.

Kwa hiyo ninachowaomba wananchi ni hiki: jina lolote linaloingia kwenye chati ya ukoo liingie na chanzo chake. Lisilo na chanzo libaki kwenye daftari la pembeni mpaka lipate.

Wengi hudhani chanzo maana yake ni karatasi ya serikali. Shangazi naye ni chanzo, ila aandikwe kama chanzo. Mfano wa maelezo yanayotosha: "Shangazi wa baba, mtoto wa tatu wa nyumba kubwa, miaka kama 80, Kibosho, 27 Desemba 2024, nyumbani kwake, wanawe wawili wakiwepo. Anasema baba yake alizaliwa mwaka wa nzige. Babu yake hakumwona. Habari zake alisimuliwa na mama." Mistari minne, na tayari tuna cha kufanyia kazi. Nzige walikuja zaidi ya mara moja: miaka ya 1890, na tena mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa 1930. Shangazi alizaliwa karibu na 1944. Nzige wa 1930 hawawezi kuwa hao, maana baba yake angekuwa kijana wa miaka 14 anayepata mtoto wa tatu. Tunarudi miaka ya 1890. Kama mwandishi angeandika tu "babu, alizaliwa 1930", kosa hilo lingechapishwa kwenye fulana za ukoo. Msicheke, fulana hizo nimeziona.

Miaka ya matukio ni hazina, msiipuuze kwa sababu haina tarakimu. Ugogo, mzee akitaja Mtunya anazungumzia njaa kali ya 1917 hadi 1920. Akikwambia mahari yalilipwa kwa rupia, jua ni kabla shilingi haijashika nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pwani, mwaka ulioandikwa ndani ya jalada la msahafu huwa ni wa Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Mwaka 1318 ulianza mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei 1900 na kuishia mwaka 1901, hivyo aliyezaliwa katika mwaka huo anaweza kuwa wa 1900 au wa 1901. Andika kilichoandikwa kwanza, ubadilishaji uuweke pembeni.

Na mtu akisema "baba", muulize kama ni baba mzazi, baba mkubwa au baba mdogo. Chati nyingi tunazoletewa zina mtu mmoja mwenye watoto 20 ambao kwa kweli ni wa ndugu watatu.

Sasa vyeti. Hapa huwa napoteza subira kidogo, mnisamehe. Mtu anakuja na cheti cha kuzaliwa cha marehemu babu yake, kimeandikwa 1 Julai 1938, anakiweka mezani kama kwamba mjadala umekwisha. Tazama upande wa tarehe ya usajili. Utakuta kimesajiliwa 1996. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1921, lakini kwa miongo mingi haikuwalazimu Waafrika, na wazee wengi walikuja kujisajili ukubwani walipohitaji pasi, mafao au mirathi. Tarehe 1 Januari na 1 Julai mara nyingi ni tarehe za mtu aliyeulizwa dirishani akajibu awezavyo. Cheti hicho ni halali kwa matumizi yote ya kisheria, na anayetaka maelezo zaidi ya usajili aende RITA, wakala wa serikali wa usajili huo, si kwetu. Ila kwa historia ya ukoo, kinathibitisha alichosema babu mwaka 1996.

Daftari la ubatizo mara nyingi lina nguvu zaidi, kwa sababu liliandikwa siku ileile ya ubatizo. Wakatoliki walianza misheni Bagamoyo mwaka 1868, Walutheri wa Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka 1893, Wabenedikto wakawa Peramiho kuanzia 1898. Madaftari ya zamani ya Kikatoliki yako kwa Kilatini, kwa hiyo usimtafute Yohana, mtafute Ioannes. Yosefu ni Iosephus. Mstari mmoja hukupa namba ya ubatizo, jina, wazazi, msimamizi na padre aliyebatiza. Halafu tazama pambizoni. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, ndoa ya muumini hurudishwa kuandikwa kwenye daftari la parokia alikobatizwa, hata kama alifunga ndoa mbali. Kwa njia hiyo watu wamegundua kwamba babu aliyedhaniwa kupotea alioa Tanga. Madaftari haya ni mali ya parokia. Nenda na barua, omba paroko au katibu akutazamie, na usishangae akikataa kukukabidhi daftari lenyewe. Mimi pia ningekataa.

Tanga nimeitaja kwa makusudi. Kama ukoo wenu una mtu "aliyekwenda mkonge hakurudi", mjue alipita kwenye mfumo ulioacha karatasi. Shirika la kuandikisha wafanyakazi wa mkonge, SILABU, lilianzishwa mwaka 1944, na manamba, yaani vibarua hao, walitoka Kigoma, Songea, Mbeya, hata ng'ambo ya mpaka, Rwanda na Burundi. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kuhesabia siku zake za kazi. Vipande vyenyewe vilibaki mikononi mwa wenyewe, mara nyingi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, pamoja na stakabadhi za kodi ya kichwa. Watu wanapanda basi kuja mjini kufuata karatasi waliyoiacha nyumbani.

Kwenye majalada ya serikali tarajia kidogo. Hayakuandikwa kwa ajili ya koo zetu. Yaliandikwa kwa ajili ya kodi, pamba, barabara, kesi na mipaka. Anayeonekana ni jumbe, karani, mwalimu, mshitakiwa, na yule aliyeandika barua kulalamika. Mkulima aliyelipa kodi kwa wakati na asigombane na mtu, huyo jalada halimjui.

Utafutaji ufuate jina la wakati ule. Anayetoka Geita ajue mkoa huo ulianzishwa 2012. Majalada yake mengi ya zamani atayakuta chini ya Mwanza na Jimbo la Ziwa. Kwenye nyaraka za Wajerumani, Mwanza ni Muansa, Moshi ni Moschi, Songea ni Ssongea, Ujiji ni Udjidji. Nyaraka hizo, zilizomo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 1997, nyingi ziko kwa hati ya mkono ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo huisoma kwa shida. Nyingine ziko Berlin, kwenye Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Na tafadhali, habari za Unguja na Pemba zina taasisi yake, Nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani.

Utaratibu wa chumba cha kusomea sasa, maana ndipo migogoro inapozaliwa. Njoo na kitambulisho na barua ya utambulisho, ya serikali ya mtaa au kijiji kama si mwanafunzi. Jaza fomu yote, pamoja na sehemu ya madhumuni. "Historia" peke yake haitoshi. Begi, chupa ya maji, chakula na kalamu ya wino vinabaki nje. Unaandika kwa penseli. Unaomba jalada kwa namba yake kutoka kwenye katalogi, unaletewa moja, unalirudisha ndipo unaletewa jingine. Usilambe kidole kufungua kurasa. Usipange upya karatasi hata ukiona zimekosewa mpangilio, mwite afisa. Kupiga picha kwa simu ni mpaka upewe ruhusa. Ada yoyote hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, na stakabadhi utapewa. Anayekuomba fedha mkononi, mtoe taarifa. Nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa zikitimiza miaka 30, kwa mujibu wa Sheria Na. 3 ya 2002 ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, na baadhi huendelea kufungwa kwa sababu za usalama au faragha. Ukiambiwa jalada limefungwa, hakuna anayekuficha jambo la ukoo wako.

Kila unachonakili, andika hapohapo jina la taasisi, namba ya jalada, namba ya folio (karatasi ndani ya jalada) na tarehe ya karatasi. Watu hurudi baada ya miezi sita kuuliza "ile karatasi niliyoona". Hatuwezi kujua ni ipi.

Kuchomoa ukurasa ni kosa la jinai. Kuongeza jina kwenye nakala iliyothibitishwa ni kughushi, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 7. Nalisema hili kwa sababu nakala hizi huishia kwenye mashauri ya ardhi na mirathi, na mahakama inaweza kuagiza jalada halisi liletwe. Likiletwa, tofauti inaonekana kwa dakika moja. Na kwa kuwa tumetaja mirathi: muhtasari wa kikao cha ukoo uliowasilishwa mahakama ya mwanzo, wenye majina, uhusiano na saini za waliohudhuria, ni chanzo kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ila kumbuka kikao kilikuwa na mali mbele yake, na asiyetakiwa kurithi anaweza asitajwe.

Walio hai waachwe na faragha yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika 1 Mei 2023. Sisemi kila kundi la ukoo litashitakiwa, lakini namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), maradhi ya mtu, na mtoto wa nje ambaye mwenyewe hajaambiwa, havina nafasi kwenye ukurasa ulio wazi kwa kila mtu. Kwenye chati ya kugawa, walio hai wawekwe majina tu, tena kwa ridhaa yao.

Mwisho, karatasi zenyewe za nyumbani. Msizipeleke stationeri kupigwa plastiki. Joto la mashine na gundi yake huiharibu karatasi ya zamani, na kilichokwisha kugandishwa hakitoki. Msiunge palipochanika kwa selotepu. Piga picha pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu, kwa sababu mihuri na namba nyingi ziko nyuma. Kisha weka karatasi kwenye bahasha safi, mahali pakavu, mbali na mchwa na jiko. Ukitaka ushauri, au ukoo ukikubaliana kuikabidhi itunzwe, njoo nayo tuongee. Na kama imekwishapigwa plastiki, usijaribu kuibandua, ilete kama ilivyo.