Majitaka ya Moshi yanahitaji muda, tusiyakimbize

Ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea Mabogini, utayakuta mabwawa ya majitaka, na si mbali nayo majaruba ya mpunga. Tambarare hii haipati mvua kama Kibosho au Marangu, kule juu mlimani. Mkulima aliye mwisho wa mfereji akikosa zamu ya maji ya mto, anageukia yale yatokayo mabwawani, kwa kuwa hayakauki kiangazi. Kwa hiyo tunachomwaga chooni huku juu, kuna mtu kesho atasimama ndani yake miguu mitupu akipandikiza miche.

Mabwawa hayo hayatumii dawa. Yanatumia jua, bakteria na muda. Bwawa la kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5. Humo uchafu mzito unatuama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji oksijeni. Linalofuata ni la kijani kwa sababu ya mwani, na mwani huo ndio unaotoa oksijeni mchana kutwa. Ya mwisho yana kina kifupi, kama mita 1 hadi 1.5, ili jua lipenye. Mwani ukishamiri, pH ya maji (kipimo cha asidi na alkali) hupanda, na ikivuka 9 bakteria wengi wa kinyesi hufa upesi. Mayai ya minyoo ni wakaidi zaidi. Hayafi kirahisi, yanazama tu, na ili yazame maji lazima yatulie siku nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 ulitaka lita moja ya maji ya kumwagilia isiwe na zaidi ya yai 1 la minyoo.

Masika ndipo muda huo unapoibwa. Mtu ameelekeza gata la paa lake kwenye chemba ya majitaka. Jirani yake amefunua mfuniko ili maji yaliyojaa uani yapate pa kwenda. Bomba lile halikujengwa kwa ajili ya mvua. Maji yanaingia kwa kasi, yanayasukuma yaliyomo, na yale yaliyopaswa kukaa yanatoka kabla ya wakati, pamoja na mayai ya minyoo.

Pampasi, taulo za kike na mafuta ya kukaangia huziba bomba hata bila mvua. Chemba ikifurika, majitaka hushika mtaro, na mtaro unaishia mtoni, Rau au Karanga, bila kupita bwawa lolote. Mito hii haiishii Moshi: maji yake huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani.

Nyumba nyingi hazijaunganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka. Zina choo cha shimo au tangi la septiki. Huko tatizo ni kutapisha. Mvua kubwa ikianza, mtu anatoboa shimo ili kinyesi kiende na maji. Mwenye gata naweza kumsamehe, pengine hajui. Anayetapisha anajua vizuri, ndiyo maana husubiri usiku. Ita gari la majitaka kiangazi, kabla shimo halijajaa, na ukiona gari linamwaga korongoni badala ya mabwawani, andika namba zake utoe taarifa. Anayejenga kando ya mto naye akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Kwa wakulima wa Mabogini: maji ya mabwawa bado yana nitrojeni nyingi. Ukitia mbolea ya urea kama kawaida, mpunga utaota majani mengi, utarefuka, kisha utaanguka na kulala chini kabla ya kukomaa. Punguza mbolea, anza na jaruba moja uone. Vaa buti, nawa kwa sabuni kabla ya kula, na usimwagilie maji hayo nyanya au mboga za kachumbari, hata kama yanaonekana safi.