Kabla ya Kuzika: Haki ya Kijana Aliyeuawa katika Vurugu za Uchaguzi

Mama mmoja kutoka upande wa Bahi aliwahi kuja ofisini kwetu hapa Dodoma akiwa na shati la mwanawe, amelikunja vizuri ndani ya kanga. Kijana alipigwa risasi mbali na nyumbani, katika vurugu zilizofuata uchaguzi, na mwili ulipoletwa ulizikwa siku ileile kabla jua halijazama. Shati lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. "Sikuweza kuliacha na damu ya mwanangu, baba," aliniambia. Hakuna anayeweza kumlaumu mzazi kwa jambo kama hilo. Hata hivyo, mimi ninayefundisha namna vifo vya aina hii vinavyopaswa kuchunguzwa nililitazama shati lile kwa uchungu wa pili, kwa sababu katika damu ile iliyomwagwa na maji ya sabuni kulikuwa na sehemu ya majibu ambayo mama huyo alikuja kuyatafuta.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Haki hiyo haiishii pale mtu anapokata roho. Anayeuawa anabaki akiidai jamii maelezo: aliuawa na nini, na nani, na je, ilikuwa lazima? Kijana aliyekuwa akiandamana anayadai maelezo hayo sawasawa na mpita njia aliyekuwa akirudi dukani, hata kama maandamano yenyewe hayakuwa na kibali, na hata kama kuna waliorusha mawe. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinaeleza kwamba askari anaweza kufyatua risasi kwa kukusudia kuua pale tu ambapo hakuna kabisa njia nyingine ya kuokoa maisha. Swali la kama hali ilifikia hapo linajibiwa kwa ushahidi, na shahidi wa kwanza ni mwili wa marehemu.

Kwa sheria zetu, kifo kinachotokana na risasi, kipigo au chanzo kisichojulikana si kifo cha kuzikwa kimyakimya. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inataka kitolewe taarifa, na inampa hakimu anayekaa kama mchunguzi wa vifo uwezo wa kutafuta chanzo chake. Daktari naye anapaswa kuufanyia mwili uchunguzi na kuandika taarifa. Hapa ndipo ningependa familia zisimame kidogo na kuuliza, kwa sababu si kila karatasi inayotolewa mochwari ina uzito uleule. Kibali cha mazishi kinaruhusu kuzika, basi. Cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ambao unapaswa kupewa taarifa ya kifo ndani ya siku 30, kitasaidia katika mirathi na mafao. Taarifa ya uchunguzi wa mwili ndiyo inayoeleza risasi iliingilia wapi, ilitokea wapi, ilielekea juu au chini, na kama pembeni mwa jeraha kulikuwa na alama za baruti zinazoonyesha kwamba mfyatuaji alikuwa karibu. Kijana aliyepigwa kifuani akiwa amesimama na kijana aliyepigwa mgongoni akikimbia wanaweza kuwa na chanzo cha kifo kinachofanana kwenye cheti, lakini kisheria hadithi zao ziko mbali kama ardhi na mbingu.

Maneno yenyewe nayo yaangaliwe. Ukisoma kwamba marehemu alifariki kwa "kupoteza damu nyingi", umeelezwa jinsi alivyokufa, hujaelezwa kilichomuua. Damu hiyo ilitokea wapi? Kama ni jeraha la risasi, liandikwe jeraha la risasi, na mahali lilipo mwilini patajwe. Familia ina haki ya kumwomba daktari kwa heshima afafanue kabla ya kutia saini na kuondoka.

Mwongozo wa Minnesota, ambao ndio kipimo cha Umoja wa Mataifa kwa uchunguzi wa vifo vinavyotiliwa shaka, ulizaliwa kutokana na kazi ya wanasheria wa jimbo hilo la Marekani baada ya mwanasiasa Benigno Aquino kuuawa katika uwanja wa ndege wa Manila, Ufilipino, mwaka 1983. Ulichapishwa mwaka 1991 na ukapitiwa upya mwaka 2016. Unasema wazi kwamba familia ishirikishwe, ielezwe matokeo, na iweze kuwa na mwakilishi wake wakati mwili unapochunguzwa. Najua kwamba saa ile watu wamekaa kwenye majamvi, gari la kukodi linahesabiwa saa, na wazee wanasema marehemu asicheleweshwe. Ndugu zetu Waislamu wana sababu ya kidini ya kuharakisha, na inastahili heshima. Lakini uchunguzi uliofanywa vizuri asubuhi hauzuii maziko ya alasiri, mradi daktari apatikane na mwili usioshwe kabla hajauona.

Mfano mmoja wa mbali unaeleza yaliyobaki vizuri kuliko ninavyoweza. Tarehe 12 Juni 2009 Iran ilifanya uchaguzi wa rais. Mahmoud Ahmadinejad akatangazwa mshindi, mpinzani wake Mir-Hossein Mousavi akayakataa matokeo, na watu wakaingia barabarani. Tarehe 20 Juni, mjini Tehran, msichana wa miaka 26 aitwaye Neda Agha-Soltan alipigwa risasi ya kifua. Daktari aliyekuwa karibu alilikandamiza jeraha kwa mikono, lakini msichana akafa palepale kwenye lami, huku simu zikirekodi. Jina lake kwa Kiajemi maana yake ni sauti au mwito. Nasi tunalo neno hilohilo la asili ya Kiarabu katika kunadi na katika mnada, kwa hiyo mkazi wa Dodoma anayekwenda mnadani Msalato amelibeba mdomoni bila kujua. Siku ya arobaini, waombolezaji waliokusanyika makaburini kumkumbuka walitawanywa na polisi.

Dunia nzima iliiona picha ya kifo kile, na bado hakuna aliyetiwa hatiani kwa kumuua. Video ilionyesha kwamba alikufa, lakini bila uchunguzi huru haikuweza kuonyesha ni nani aliyefyatua. Zaidi ya hapo, katika pupa ya kutafuta sura yake, watu walichukua mtandaoni picha ya mwanamke mwingine mwenye jina linalokaribiana na lake, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa hai, wakaisambaza kama ndiyo ya marehemu. Mwanamke yule alijikuta hatarini kiasi cha kuikimbia nchi yake na kuomba hifadhi Ujerumani. Anayetuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya maiti asiyemjua na kuandika jina alilolisikia tu, aifikirie habari hiyo kabla ya kubonyeza.

Karibu na kwetu, karatasi za hospitali zimewahi kusema kwa nguvu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 na kuonyesha kwamba 405 kati yake vilitokana na risasi. Idadi ya pili isingepatikana kama wahudumu wa afya hawangeandika majeraha yalikuwa ya nini. Mjini Kisumu, mwaka 2017, mtoto wa miezi sita alikufa kwa kipigo cha kichwa wakati wa msako wa polisi baada ya uchaguzi, na mwaka 2019 hakimu aliyeendesha uchunguzi wa kifo chake aliwaona polisi kuwa wanawajibika.

Sisi nasi hatuko nje ya habari hii. Januari 2001 zaidi ya watu 30 waliuawa Zanzibar katika maandamano yaliyotokana na uchaguzi wa mwaka 2000, na tume iliyoongozwa na Hashim Mbita ikachunguza. Baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 yalitokea tena mauaji katika miji yetu, intaneti ikiwa imezimwa, na Novemba mwaka huohuo ikaundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Zilisikika pia kauli za familia zilizosema kuwa hazikukabidhiwa miili ya watoto wao. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba hakuna jambo zito kuliko hilo, kwa sababu asiye na mwili hana cha kumpelekea daktari, wala kaburi la kulisimamia. Niongeze kwamba Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha iliamua kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Manung'uniko yasiyo na mlango wa mahakama hutafuta barabara.

Kwa familia iliyokwisha kuzika, bado njia ipo: mwenye mamlaka ya kuchunguza kifo anaweza kuamuru mwili ufukuliwe, na mifupa iliyoguswa na risasi hutunza alama yake kwa miaka mingi. Nguo za marehemu zisifuliwe. Zianikwe kivulini zikauke, kisha ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi za kaki, kila nguo na mfuko wake, kwa sababu ndani ya nailoni hushika ukungu. Iandikwe nani alizipokea, kwa nani, na tarehe gani.

Shati la yule mama tulilitandaza mezani. Damu haikuwapo, lakini tundu lilikuwapo, dogo, upande wa nyuma, chini kidogo ya bega la kushoto, nalo mama alikuwa ameanza kulishona. "Uzi huu nimeutia jana usiku," alisema, akauliza kama autoe. Nilimwomba auache ulivyo, tukapima kutoka kwenye kola hadi kwenye tundu, nikaandika vipimo, naye akatia dole gumba chini ya karatasi.