Simu nyekundu ya Vita Baridi haikuwapo
Kwenye magrupu bado inazunguka picha ya simu nyekundu ya mezani: eti wakati wa Vita Baridi, ule uhasama wa Marekani na Muungano wa Kisovieti, rais wa Marekani aliinua tu mkono wa simu, akaongea na mwenzake wa Moscow.

Njia ya dharura kati ya Washington na Moscow ilikuwapo kweli, ila haikuwa simu. Katika mgogoro wa makombora ya nyuklia ambayo Wasovieti waliyaweka Kyuba, Oktoba 1962, ujumbe kati ya viongozi hao ulichukua saa nyingi kufika, huku vita vya nyuklia vikibisha mlangoni. Juni 1963 pande mbili zikatia saini makubaliano mjini Geneva. Yasome, yapo wazi kwa yeyote: yanataja teleprinta, mashine za kuchapa maandishi yanayokuja kwa waya. Waya ulipita London, Copenhagen, Stockholm na Helsinki. Washington iliandika Kiingereza, Moscow Kirusi. Maandishi yalichaguliwa makusudi, na naona ilikuwa busara kubwa, kwani kwa sauti, neno moja la hasira au tafsiri ya papo kwa papo lingeweza kuleta maafa.

Wengi wetu tuliiona simu hiyo kwenye filamu, ikatukaa kichwani. Ukitumiwa picha ile, tafadhali usiisambaze. Mweleze aliyekutumia habari za teleprinta.